Kani, Rangi na Mshikamano: Kueleza Maada ya Mwingiliano Mkali kwa Kiswahili kupitia Kinywe cha Ruangwa na Nikeli ya Nachingwea

Ikisiri

Fizikia ya kisasa inaonesha kwamba karibu tungamo lote la vitu tunavyovishika halitokani na tungamo la chembe ndogo kabisa zinazoviunda, bali na nishati ya mwingiliano wa chembe hizo. Makala hii inafafanua dhana hiyo kwa Kiswahili ikitumia madini mawili yanayopatikana katika wilaya jirani za mkoa wa Lindi: kinywe cha Ruangwa na nikeli ya Nachingwea. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kuieleza dhana hii kwa Kiswahili hausababishwi na uhaba wa nomino, kwa kuwa nomino hukopwa na kutoholewa kwa urahisi. Unasababishwa zaidi na mazoea ya kutafsiri nomino na sitiari za lugha chanzi huku mnyambuliko wa vitenzi, hasa kauli ya kutendana na ya kutendama, ukiachwa kando. Makala inaonesha pia kuwa dhana ya mofimu tegemezi, inayofahamika vyema kwa wanaisimu, ni njia nzuri ya kueleza kwa nini kwaki haionekani ikiwa peke yake.

1.0 Utangulizi

Ruangwa ina hazina ya kinywe, na Nachingwea ina nikeli katika eneo la Ntaka Hill. Madini haya hutajwa pamoja kwa sababu yote mawili hutumika katika betri: kinywe katika ncha hasi, nikeli katika ncha chanya. Matumizi hayo yanahusu elektroni, yaani sehemu ya nje ya atomi. Makala hii inaingia ndani zaidi, katika kiini cha atomi, ambako kani ya aina nyingine ndiyo inayotawala.

Suala hili lina uzito wa kielimu. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali katika wilaya hizi hujifunza sayansi kwa Kiswahili, akazoea istilahi kama kani, nishati, tungamo na maada. Afikapo sekondari, lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza, na istilahi hizo huachwa kabla hazijabebeshwa mzigo wowote mzito. Kwa hiyo swali la kama Kiswahili kinaweza kueleza muundo wa ndani wa maada halijibiwi kwa orodha ya istilahi pekee. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilikwishaweka msingi wa msamiati. Linalobaki ni ufafanuzi: sentensi zinazomwezesha msomaji kuona jambo linavyotendeka.

2.0 Kani na Kauli ya Kutendana

Katika Kiswahili cha kawaida, kani na nguvu hukaribiana kimaana, na anayeshika kani ni mtu anayeng'ang'ania jambo. Katika sayansi, kani imetengwa kuwa kile kinachosukuma au kuvuta. Fizikia inatambua kani kuu nne: ya mvutano, ya sumakuumeme, dhaifu na kali. Jina "kani kali" linataja ukubwa tu. Halisemi kani hiyo inafanya nini. Ndiyo maana wanafizikia hupendelea kuzungumzia mwingiliano kuliko kani.

Neno mwingiliano lina faida ya kimofolojia. Limetokana na kitenzi ingiliana, chenye kiambishi -an- cha kutendana, ambacho hudai washiriki zaidi ya mmoja, kila mmoja akiwa mtenda na mtendwa. Linganisha vitenzi vitatu: shika, shikana na shikamana. Cha kwanza kina mtenda na mtendwa. Cha pili kinawafanya washiriki wote kuwa watenda. Cha tatu kinaongeza -am-, kiambishi cha kutendama, hivyo tendo linakuwa hali inayodumu. Sentensi "kani kali inashika protoni" inampa msomaji picha ya mkono kutoka nje ulioshika kitu. Sentensi "protoni na nyutroni zinashikamana" inaondoa mkono huo na kubakiza uhusiano wenyewe. Ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na fizikia. Kiambishi -an- ni cha asili ya Kibantu na kina jamaa zake katika lugha nyingine za ukanda huo, kwa hiyo mantiki yake si ngeni kwa mwanafunzi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza.

3.0 Kinywe na Nikeli: Mshikamano na Masalia Yake

Kinywe ni kaboni. Ndicho kinachoacha alama nyeusi karatasini tunapotumia penseli, ingawa jina kalamu ya risasi limehifadhi dhana ya zamani kwamba alama hiyo ni ya risasi. Atomi za kaboni katika kinywe zimepangwa katika matabaka membamba. Ndani ya tabaka, kila atomi imeshikamana kwa nguvu na jirani zake watatu. Baina ya tabaka na tabaka, mshikamano ni hafifu. Ndiyo sababu kinywe huteleza na kupaka vidole weusi. Kila tabaka limejitosheleza kiumeme, lakini chaji zilizomo ndani yake hazijafutika kabisa kwa jirani aliye karibu sana. Masalia ya kani ya sumakuumeme ndiyo yanayoshikiza tabaka juu ya tabaka.

Mpangilio huo unasaidia kueleza kiini cha atomi. Kaboni ya kawaida ina protoni sita na nyutroni sita katika kiini chake. Kila moja ya chembe hizi, ambazo kwa pamoja huitwa nyuklioni, imeundwa na kwaki tatu zilizoshikamana kwa mwingiliano mkali: protoni ina kwaki juu mbili na kwaki chini moja, nyutroni ina kwaki juu moja na kwaki chini mbili. Nyuklioni nzima imejitosheleza, kama tabaka la kinywe. Kani inayozifunga nyuklioni ndani ya kiini ni masalia ya mwingiliano mkali uliomo ndani ya kila moja. Masalia hayo hufika mbali kidogo tu, kiasi cha femtometa moja au mbili. Femtometa ni sehemu moja ya trilioni ya milimita.

Hapo ndipo nikeli ya Nachingwea inapokuwa na la kusema. Kwa kuwa masalia hayafiki mbali, nyuklioni hushikamana na majirani zake wa karibu tu. Protoni, kwa upande mwingine, husukumana kiumeme na protoni zote zilizomo katika kiini, za karibu na za mbali. Kiini kinapokua, mwanzoni kila nyuklioni hupata majirani zaidi na mshikamano huongezeka. Baadaye msukumano hujilimbikiza na kuanza kuudhoofisha. Kilele kiko kwenye nikeli-62, aina ambayo ni takribani asilimia 3.6 ya nikeli ya asili. Nishati ya mshikamano kwa kila nyuklioni katika kiini chake ni takribani megaelektronivolti (MeV) 8.79, na hakuna kiini kinachojulikana chenye kiwango kikubwa zaidi. Katika kaboni-12 kiwango hicho ni takribani MeV 7.68. Kwa hiyo vitenzi viwili vya kutendana, shikamana na sukumana, vikipewa masafa tofauti, vinatosha kueleza kwa nini viini vizito mno huvunjika na vyepesi huweza kuungana.

4.0 Kwaki kama Mofimu Tegemezi

Wazo la kwaki lilitolewa mwaka 1964 na Murray Gell-Mann na, bila kushirikiana naye, George Zweig. Gell-Mann alichukua jina hilo kutoka riwaya ya James Joyce, Finnegans Wake. Zweig aliziita chembe hizo kwa jina la karata. Hata katika lugha chanzi, basi, istilahi hii haielezi chochote kuhusu kitu inachokitaja. Kuitohoa kuwa kwaki na kuiweka katika ngeli ya I-ZI hakupotezi maana yoyote.

Tatizo kubwa lilikuwa kwamba hakuna aliyewahi kuona kwaki moja pekee. Mwanaisimu ana uzoefu wa hali inayofanana na hiyo. Mzizi -l- umo katika anakula, mlo, mlaji na lisha. Hakuna mzungumzaji anayeutamka peke yake, na hakuna anayedai ausikie peke yake ndipo aamini kuwa upo. Uwepo wake unathibitishwa na mpangilio wa maneno yanayoubeba. Majaribio yaliyoanza kutoa matokeo mwaka 1968 katika kituo cha SLAC, Marekani, yalifanya uchanganuzi wa namna hiyo: elektroni zenye nishati kubwa zilirushwa kwenye protoni, na namna zilivyotawanyika ikaonesha kwamba ndani ya protoni mna punje ndogo ngumu.

Mlinganisho huu una mpaka. Mofimu haitamkwi peke yake kwa sababu ya kanuni za lugha. Kwaki haitoki peke yake kwa sababu ya gharama ya nishati. Fimbo ya mbali haiui nyoka, husema wahenga, na kani ya mvutano na ya umeme hufuata hekima hiyo: umbali ukiongezeka, hudhoofika. Mwingiliano wa kwaki hukaidi. Zikikaribiana sana, kwaki huwa karibu huru. Zikitenganishwa, kani baina yake haipungui, bali hubaki takribani sawa na uzito wa tani 16, mzigo wa lori zima ukining'inia kwenye chembe moja. David Gross, Frank Wilczek na David Politzer walionesha mwaka 1973 kwa nini mwingiliano huu hulegea kwa ukaribu, na wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Anayezidi kuvuta hulimbikiza nishati mpaka ikazaa kwaki mpya pamoja na kinyume chake. Ni kama kukata kamba ili upate ncha moja: unaishia na kamba mbili, kila moja ikiwa na ncha zake mbili.

Matokeo yake kwa dhana ya tungamo ni makubwa. Tungamo la protoni ni takribani MeV 938, ilhali kwaki zake tatu zikijumlishwa hazizidi MeV 10. Hivyo, katika kilo moja ya kinywe cha Ruangwa, tungamo la kwaki zenyewe ni kiasi cha gramu 11. Karibu gramu zote zilizobaki ni nishati ya kwenda mbio na kushikamana kwa kwaki na gluoni. Mkono unaoinua jiwe hilo unahisi, kwa sehemu kubwa, uzito wa tendo. Kauli hii ikisemwa kwa nomino huonekana kitendawili. Ikisemwa kwa kitenzi shikamana huwa maelezo ya kawaida.

5.0 Rangi na Gundi: Sitiari Zinazohitaji Tahadhari

Sifa inayoziwezesha kwaki kuingiliana huitwa rangi. Haihusiani na kuona. Kuna rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, na zikikutana zote tatu chembe nzima huwa "nyeupe", yaani haina rangi. Sitiari hii imejengwa juu ya mwanga. Katika Kiswahili cha kila siku, rangi ni pia kile kinachonunuliwa kwa ndoo na kupakwa ukutani, na anayechanganya rangi hizo tatu ndooni hupata uchafu wa kahawia, wala si weupe. Mwalimu asipolisema hilo mapema, sitiari humpotosha mwanafunzi pale pale inapopaswa kumsaidia.

Mafiga yanaweza kutumika kama daraja. Figa moja halibebi chungu, wala mawili. Matatu husimamisha jiko, na hakuna lililo bora kuliko mengine. Mfano huu unaeleza vizuri utatu na ulinganifu, lakini una kasoro mbili. Mafiga hayavutani, na zipo chembe zinazoitwa mesoni ambazo zina kwaki moja na kinyume cha kwaki. Mfano ukishafanya kazi yake, uwekwe kando.

Gluoni, vibebaji vya mwingiliano mkali, zimepewa jina linalotokana na gundi. Gundi hukaa katikati ya mbao mbili na kuziunganisha, yenyewe ikiwa imetulia. Gluoni hazitulii: zina rangi, ziko za aina nane, na zinaingiliana zenyewe kwa zenyewe. Fotoni, kibebaji cha sumakuumeme, haina chaji na haifanyi hivyo. Kiswahili kinaonesha tofauti hii kwa upatanisho tu: "gluoni zinashikanisha kwaki" na "gluoni zinashikana". Maelezo yanayoishia kwenye sentensi ya kwanza yameacha kiini cha nadharia.

6.0 Maada Isiyo na Umoja

Maada ya namna hii ikipashwa joto la takribani nyuzi trilioni mbili, mipaka ya protoni na nyutroni huyeyuka na kubaki mchanganyiko uitwao plazma ya kwaki na gluoni. Ulimwengu mzima ulikuwa katika hali hiyo katika mikrosekunde za mwanzo. Kuanzia mwaka 2000, mashine ya RHIC huko Brookhaven, Marekani, iliitengeneza kwa kugonganisha viini vya dhahabu. Tangu 2010, CERN imefanya hivyo kwa viini vya risasi. Wengi walitarajia kitu kama gesi, chembe zikienda ovyo. Mwaka 2005 watafiti wa RHIC walitangaza kwamba kinatiririka kama kimiminika chenye mnato mdogo mno.

Sarufi ya Kiswahili ina mahali pa kuiweka hali hiyo. Maji, mafuta na maziwa ni nomino za ngeli ya YA-YA zisizo na umoja; hakuna "ji" moja la maji. Katika plazma hii pia, kuhesabu kwaki moja moja hakuelezi sana, kwa kuwa mtiririko ni wa zote kwa pamoja. Ngeli haithibitishi fizikia, lakini humwandaa msomaji kukubali kitu ambacho huelezwa vyema kwa ujumla wake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba maada ya mwingiliano mkali inaelezeka kwa Kiswahili iwapo mzigo wa maelezo utabebwa na kitenzi. Istilahi za kutohoa kama kwaki na gluoni zinatosha kutaja vitu. Shikamana, sukumana na ingiliana ndivyo vinavyoeleza mambo yanavyotendeka. Imeonesha pia kuwa sitiari zilizotafsiriwa, kama rangi na gundi, zipimwe kwa maana zilizonazo tayari katika Kiswahili kabla hazijaingizwa darasani. Wanaounda istilahi za sayansi wanashauriwa kuambatanisha kila nomino mpya na kitenzi chake pamoja na sentensi mbili tatu za mfano. Mwanafunzi wa Ruangwa au Nachingwea aliyejifunza neno kani katika shule ya msingi tayari ana mlango wa kuingilia katika nadharia hii, na jiwe la kuanzia liko ardhini kwao.