Jumamosi Nyeusi: Asili ya Foleni za Agosti Katika Ufaransa

Katika Bengamisa nilikozaliwa, iliyoko kwenye barabara ya taifa nambari 4, yapata kilomita 50 kaskazini ya Kisangani kwa njia iendayo Banalia na Buta, mtu aliyeazimia safari ndefu hutazama mbingu kabla ya kutazama mfuko wake; maana mvua ikinyesha usiku, barieri hushushwa asubuhi, nayo ni mti mmoja mrefu uliolazwa juu ya vigingi, na malori yote husimama nyuma yake hata udongo mwekundu ukauke, ili magurudumu mazito yasichimbe mashimo ambayo vibarua wa barabara hawataweza kuyafukia kwa sepeto. Marehemu baba yangu, aliyekuwa akipeleka makemba, yaani ndizi za kupika, Kisangani kwa baiskeli, akiisukuma kwa fimbo aliyoifunga kwenye usukani kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa mno kupandwa, alipita kando ya barieri hiyo bila kuulizwa, na katika mwendo wake wa siku mbili aliwaacha nyuma wenye malori waliokuwa wamelala chini ya magari yao. Hakuwa na nguvu kuwashinda wao. Alikuwa na hesabu: alijua siku ya soko, alijua malori huondoka saa ngapi, na alijua mvua ya mwezi gani hukawia kukauka.

Nilipofika Ubelgiji niliamini, kama wengi wa jamaa zetu wanavyoamini, kwamba barabara ya lami yenye njia tatu kila upande haina barieri, na kwamba msafiri wake hana haja ya kujua lolote ila jina la mji aendako na bei ya petroli. Imani hiyo ilinitoka Jumamosi ya kwanza ya Agosti, katika mwaka wangu wa tatu wa Ulaya, nilipoondoka Brussels saa mbili asubuhi pamoja na mke wangu na watoto watatu kwenda Marseille, safari ya kilomita elfu moja na ushei, kuhudhuria harusi ya binti wa dada yangu, ambayo karamu yake ilikuwa ianze saa tatu usiku.

Saa kumi alasiri hatukuwa hata Lyon. Na tulipoupita mji huo hatimaye, tukasimama tena kati ya Valence na Montélimar, injini zimezimwa, milango iko wazi, lami inatoa joto kama sahani ya chuma iliyosahauliwa motoni. Mbele yetu palikuwa na gari la Waholanzi lenye baiskeli nne mgongoni. Kuliani palikuwa na familia ya Kimoroko, juu ya paa lao wamefunga magodoro na jiko la gesi kwa turubai la buluu, na ndani ya gari lao bibi mmoja mzee, aliyevaa kitambaa cheupe, aliwapa watoto wangu tende moja moja kupitia dirishani, naye akapokea kutoka kwa mke wangu lituma, yaani makemba yaliyopondwa, lililofungwa katika majani, akalinusa, akatabasamu, akala. Tulifika Marseille saa tisa usiku. Katika ukumbi viti vilikuwa vikipangwa kimoja juu ya kingine, na bibi harusi, mpwa wangu niliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, alikuwa amekwisha kwenda zake.

Tangu usiku ule nimejitaabisha kutafuta asili ya jambo hili, na ninalolijua sasa ni hili: kwetu barieri hushushwa na mvua, na katika Ufaransa hushushwa na kalenda, ambayo imeandikwa na sheria na desturi za miaka karibu tisini; kwa hiyo msafiri aweza kuisoma miezi kabla ya safari, jambo ambalo baba yangu hakuweza kulifanya kwa mawingu.

Habari inaanza Juni 1936, pale ambapo, baada ya migomo mikubwa iliyofunga viwanda nchini kote, serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya kumpa kila mfanyakazi likizo ya majuma mawili kwa mwaka bila kukatwa mshahara wake. Watu waliokuwa hawajapata kuona bahari maishani mwao walipanda treni kwa tikiti za bei nafuu, wengine wakaenda kwa baiskeli, na habari za furaha yao husimuliwa hata leo. Sitaki kupita hapa bila kusema kwamba katika mwaka ule ule babu zetu wa Kongo ya Kibelgiji, katika nchi za Uele zilizo mbele ya barabara yetu ya Banalia na Buta, walikuwa wakilima pamba kwa lazima, na mtu wa likizo hakuwa miongoni mwao.

Majuma mawili yakawa matatu mwaka 1956, yakawa manne mwaka 1969, yakawa matano mwaka 1982. Na ilhali likizo ilikuwa ikiongezeka, gari nalo lilishuka kutoka milki ya tajiri hadi milki ya fundi na karani, hasa baada ya vita kuu ya pili, zilipotoka Renault 4CV na Citroën 2CV. Viwanda vikubwa, vya magari vikiwamo, vilifunga milango yao Agosti yote, hivi kwamba mfanyakazi hakuchagua mwezi wake; mwezi ulikuwa umekwisha kuchaguliwa. Wote hao walimiminika katika barabara moja, Nationale 7, iliyotoka Paris hadi Menton kwenye mpaka wa Italia, kiasi cha kilomita elfu moja, ikipita katikati ya kila mji mdogo ulioko njiani. Wauzaji wa nougat wa Montélimar, halua ile ya lozi na asali, walistawi kwa sababu magari yalisimama mbele ya maduka yao. Na mji wa Lapalisse, ambao zamani ulilaani foleni hizo, siku hizi huandaa kwa makusudi foleni ya magari ya kale ili wazee wakumbuke ujana wao.

Sheria ya mwaka 1955 iliruhusu barabara kuu za mwendo wa kasi zijengwe kwa fedha za ushuru, yaani péage, na mwaka 1970 njia ya kutoka Paris kupitia Lyon hadi Marseille ilikamilika, nayo ikaitwa Barabara ya Jua. Lakini waliopanga walipitisha magari yale yote katikati ya Lyon, chini ya kilima cha Fourvière, kwa handaki lililofunguliwa mwaka 1971. Na mtu yeyote aliyesafiri Agosti atakwambia kwamba handaki lile ni shingo ya chupa ambamo nusu ya Ulaya ya kaskazini hutaka kupita kwa siku moja.

Mwanzo wa Agosti 1975 foleni za nchi nzima, zikijumlishwa, zilifika kilomita 600. Serikali ilishtuka, na mwaka uliofuata ikaanzisha idara ya kuwaongoza wasafiri, ikaipa jina la Bison Futé, nyati mwerevu, ambaye katika picha zake za kwanza alikuwa Mhindi wa Marekani anayejua njia za pembeni. Werevu wake ni wa aina mbili. Kwanza, aliweka mabango ya njia mbadala, ili asiye na haraka apite vijijini. Pili, na hili ndilo lenye manufaa zaidi kwetu, kila mwaka hutangaza mapema kalenda ya siku zote nzito, akitofautisha siku za kuondoka na siku za kurudi, kwa rangi nne: kijani ni siku ya kawaida, rangi ya chungwa ni siku ngumu, nyekundu ni ngumu sana, na nyeusi ni ngumu kupita kiasi.

Nyeusi aghalabu huangukia Jumamosi iliyo kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, siku ambayo wenye likizo ya Julai wanarudi na wenye likizo ya Agosti wanatoka, wakapishana njiani. Wafaransa wana neno lao, chassé-croisé. Mimi huita mapishano. Usiku wa mapishano ya tarehe 31 Julai 1982, mvua ikinyesha karibu na Beaune, magari yaligongana na mabasi mawili yaliyokuwa yakipeleka watoto likizo, yakawaka moto. Watu 53 walikufa, wengi wao watoto. Ndiyo sababu hata leo, kila mwaka, hupigwa marufuku kusafirisha makundi ya watoto kwa mabasi mbali na maskani yao katika Jumamosi nzito kabisa ya kiangazi. Mzazi wa Kikongo asomaye haya na apime mwenyewe: ikiwa dola huona kwamba siku ile haiwafai watoto wa watu, je, yawafaa watoto wetu waliobanana katika kiti cha nyuma?

Mtu atauliza kwa nini nchi yenye wahandisi hodari haijalitatua jambo hili. Nyumba za likizo hukodishwa kwa juma, kutoka Jumamosi hadi Jumamosi, na mpangaji hukabidhiwa ufunguo alasiri; kwa hiyo mamilioni ya watu hutakiwa wawe barabarani kwa saa zile zile. Likizo za shule za majira ya baridi na ya kuchipua zimegawanywa kwa kanda tatu, A, B na C, ili watu wasitoke kwa pamoja, lakini likizo ya kiangazi ni moja kwa nchi nzima. Tena milima imeziba: kati ya Massif Central na Alpes hakuna mlango mpana ila bonde la mto Rhône, na humo hupita Wabelgiji, Waholanzi, Wajerumani, na jamaa zetu wa Maghreb wanaokwenda kupanda meli Sète na Marseille, au kuendelea hadi Algeciras, ambako Moroko huwapokea watu wake kwa utaratibu uitwao Marhaba. Yule bibi mwenye tende alikuwa katika msafara huo.

Basi tadbiri ya safari ianze na kalenda, Machi au Aprili, na ramani ifuate baadaye. Jumanne na Jumatano ni siku njema. Jumapili pia, kwa kuwa malori makubwa kwa kawaida hayaruhusiwi siku hiyo na wapangaji wamekwisha kufika. Ikibidi Ijumaa, ondoka alfajiri, na Lyon uipite kabla ya adhuhuri. Mtokaji wa Brussels aweza kupita Luxembourg, akaenda bila kulipa ushuru hata karibu na Toul. Na akifika Dijon, badala ya kufuata umati wa A6 kupitia Beaune, ashike A39 ya Dole na Bourg-en-Bresse, kisha azunguke mashariki ya Lyon, hata Grenoble na kurudi Valence kwa A49 akitaka. Aendaye Montpellier na aifikirie A75 ya Clermont-Ferrand, ambayo ni bure isipokuwa daraja la Millau, lililofunguliwa mwaka 2004 na lenye kimo cha mita 343. Ni njia ya milima, ni ndefu kwa anayetoka mashariki, lakini mimi huipenda kuliko zote.

Ndani ya gari, sheria hutaka pembetatu ya tahadhari na fulana ya kung'aa, na fulana iwekwe mahali ambapo mkono unaifikia, haifai kuwa chini ya mabegi. Mwendo ni 130, na mvua ikinyesha ni 110. Masafa ya redio 107.7 hutoa habari za njia. Gari likiharibika, vukeni wote nyuma ya chuma cha pembeni, kisha tumieni simu ya rangi ya chungwa iliyoko kandokando ya barabara, au pigeni 112. Na ukiulizwa uko wapi, soma nambari ya barabara, upande uendao, na kilomita iliyoandikwa kwenye kibao kidogo. Sisi watu wa Kisangani hatuna haja ya kufundishwa hilo, maana vijiji vyetu tumeviita PK, yaani alama ya kilomita, na nambari zake tangu enzi ya wazee. Msimwite rafiki mwenye kamba aje kuwavuta: katika barabara hizo huruhusiwa mvutaji aliyeidhinishwa tu. Na mwendao Normandie, jueni kwamba tangu 2024 A13 na A14 hazina tena vibanda vya ushuru. Hulipwa kwa mtandao ndani ya saa 72, na asiyelipa hupata faini.

Hayo yote ni ya dereva. Lililo kubwa zaidi ni la wazee na wakuu wa familia, kwa sababu nimehesabu mialiko niliyopokea katika miaka hii, ya harusi, ya mahari, ya kumaliza matanga, na wingi wake umewekwa katika Jumamosi ile ile ya kwanza ya Agosti, kwa hoja kwamba ndipo kila mtu ana likizo. Ni kweli kila mtu ana likizo. Na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu yuko barabarani. Enyi kaka na dada zangu wa Lille, Liège, Paris na Marseille, kabla hamjalipia ukumbi, fungueni kalenda ya nyati yule mkaangalie rangi ya siku mnayoitaka, na ikiwa ni nyeusi, wahurumieni watakaotoka mbali.

Nimeyasema hayo kwa dada yangu pia. Harusi ya mwanawe wa pili imewekwa Jumamosi ya tatu ya Septemba, nasi tutaondoka Brussels Alhamisi alfajiri.