Wazee na Vijana Wakae Mkeka Mmoja

Makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa, yamehifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 ili asikamatwe hai na Wajerumani. Fuvu hilo lilirejeshwa kutoka Bremen mwaka 1954. Mwanafunzi hulitazama, husoma maelezo, kisha hurudi shuleni. Lakini jinsi habari za vita vya Lugalo vya mwaka 1891 zilivyosimuliwa mekoni, kwa nyimbo na kwa majina ya sifa ya Kihehe, hayo hayamo katika kabati la kioo. Yamo vifuani mwa wazee, na umri haungoji.

Tangu mwaka 2016 Boma la Iringa, lililojengwa na Wajerumani, limekuwa makumbusho ya mkoa. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Mbeya nako kuna maktaba ya mkoa. Hata hivyo, yafaa tuulize ni nani hasa anayeingia katika nyumba za namna hii nchini. Kijana huingia kwa ajili ya mtihani. Mzee hubaki nje barazani. Ngazi humchosha, maandishi madogo humtesa macho, na akifungua kinywa huambiwa anyamaze. Ajabu ilioje! Aliye kitabu chenyewe ndiye anayekatazwa kusema.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, anayejua kusoma akimsomea asiyejua, kisha wote wakashika majembe kuchimba vyoo. Nasi tuliopitia chuoni twakumbuka kwamba mkeka mmoja uliwatosha wanaoanza alifu na wanaokaribia kuhitimu.

Basi maktaba na itenge chumba kimoja kisicho na amri ya kimya, walau alasiri moja kwa wiki. Bibi kutoka Rungwe aseme kwa Kinyakyusa chake. Kijana arekodi kwa simu, aandike, afasiri kwa Kiswahili, na jina la msimulizi litangulie. Kisha zamu igeuke: kijana amsomee bibi karatasi ya dawa au habari za gazeti. Asiyeona na asiyeweza kupanda ngazi wafikiriwe tangu siku ya kwanza, si baada ya kulalamika.

Watakuwapo watakaosema hakuna fedha. Gharama kubwa hapa ni nauli ya basi ya mzee kutoka kijijini, na hiyo halmashauri inaweza kuitenga.