Kaskazi, Kusi na Ahadi ya Mungu

(Mazungumzo ya redioni. Somo: Mwanzo 8:20–22)

Somo letu la leo latupeleka kwa Nuhu, alipokwisha kutoka katika safina na kumjengea Bwana madhabahu. Hapo Mungu aliahidi kwamba maadamu dunia ipo, kupanda na kuvuna kutafuatana, na joto na baridi vitapokezana.

Wale waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, walipofika katika aya ya 22 walikutana na majira ya joto na majira ya baridi kama wayajuavyo watu wa Ulaya. Mtu wa pwani yetu hana majira hayo. Basi wakaandika kaskazi na kusi. Walifanya vyema, maana ahadi ile haikutolewa kwa watu wa mbali peke yao. Imefika mpaka shambani kwetu.

Kaskazi ni upepo utokao kaskazini mashariki, nao huvuma tangu Desemba hata Machi. Jua huwa kali, na bahari huwa tulivu. Kwa karne nyingi upepo huo uliyaleta majahazi ya Arabuni mpaka Lamu na Mombasa. Kusi hutoka kusini mashariki, huanza yapata Aprili, na katikati ya mwaka huchafua bahari hata wavuvi wengi wakabaki ndani ya miamba. Kwa upepo huo majahazi yalirudi kwao.

Pepo hizo zinapobadilishana zamu, ndipo mvua huja. Jua hupita juu ya Ikweta mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, na Ikweta yapita nchini mwetu, pale Maseno na Nanyuki. Nchi ikipata moto, hewa hupanda juu. Pepo za pande mbili hukutana zikiwa na unyevu wa bahari, na mawingu hujikusanya. Hivyo twapata masika, tangu Machi hata Mei, na vuli, tangu Oktoba hata Desemba.

Wala hatukupewa wote fungu moja. Mkulima wa Kitale hupanda mahindi Machi au Aprili, akavuna kuanzia Oktoba. Ndugu zetu wa Ukambani hutumainia vuli kuliko masika. Limuru na Nyandarua, Julai ni mwezi wa ukungu na makoti mazito. Kule Wajir na Marsabit mvua ni malisho, na malisho ni maziwa ya watoto.

Tena kalenda ya Kanisa, ijapokuwa ilipangwa mbali, yapatana na nchi yetu kwa namna ya ajabu. Kwaresima hutukuta katika vumbi, ardhi imepasuka, nasi tukingoja. Pasaka huja karibu na masika, wakati mbegu iliyozikwa inapochipuka. Mhubiri wa Kenya hana haja ya kutafuta mfano wa ufufuo mbali. Na atazame nje ya dirisha la kanisa.

Lakini, wapenzi, lipo swali zito ambalo hatuwezi kulipita. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mvua zilipungua misimu mitano mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini. Kisha masika ya mwaka 2024 yakaja na mafuriko, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Mama aliyepanda mara tano bila kuvuna anayo haki ya kuuliza: Je, Mungu amesahau ahadi yake?

Twajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, ahadi ya Mungu ni kwamba majira hayatakoma duniani. Hakusema kwamba kila shamba litanyeshewa kila mwaka. Ibrahimu, Isaka na Yakobo wote waliona njaa, nao walikuwa watu wa ahadi. Ukame haumaanishi kwamba tumeachwa.

Pili, tusiwe wepesi wa kumtafutia jirani dhambi. Wako wasemao kwamba mvua imezuiwa kwa uovu wa kijiji fulani. Ni kweli kwamba Eliya alimtangazia mfalme Ahabu ukame, lakini Eliya alitumwa kwa neno la Bwana, sisi hatukutumwa. Na Yesu alifundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Tutazame tena habari ya Eliya: Mungu alimpeleka kwa mjane wa Sarepta, aliyebakiwa na unga kidogo na mafuta kidogo. Mjane akagawa, na chakula hakikwisha. Basi wakati wa ukame, swali la Mkristo lisiwe ‘Nani amekosa?’ Liwe ‘Nani amekosa chakula?’

Tatu, imani haikatazi maarifa. Wengine hudhani kwamba kusikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ni kupungukiwa na imani. Mbona twasema dalili ya mvua ni mawingu? Yusufu alipojulishwa kwamba njaa inakuja, hakuketi akingoja. Alishauri sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba. Nasi tupande mtama, kunde na mbaazi mahali ambapo mahindi hushindwa. Tukaushe nafaka vizuri kabla ya kuiweka ghalani. Mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Tusifyeke msitu uliopo juu ya chemchemi, kisha tukamwomba Mungu maji. Na kila kanisa liwe na ghala dogo la mbegu, ili aliyekula mbegu zake kwa njaa apate za kupanda mawingu yatakapokusanyika.

Mtume Yakobo atuambia tumtazame mkulima angojeaye kwa uvumilivu mazao ya nchi. Mkulima huyo halali usingizi. Angoja na jembe mkononi.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyepanga kaskazi na kusi, twakushukuru kwa majira yako. Uwakumbuke waliopanda wasivune, na waliochukuliwa nyumba zao na maji. Utupe mvua kwa kiasi, akili ya kuitunza, na mikono iliyo tayari kugawa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.