Polima Zinazojipanga Zenyewe na Dawa Isiyopenda Maji

Mgonjwa wa saratani ya matiti anayeandaliwa kupewa paklitakseli kwa dripu huweza kuuliza: kwa nini nipewe kwanza deksamethasoni na dawa za mzio? Jibu limo katika kemia.

Paklitakseli, iliyopatikana kwanza katika magome ya mti wa Taxus brevifolia wa Amerika Kaskazini, haiyeyuki vyema majini. Ili iingie mshipani, huyeyushwa katika alkoholi na mafuta ya mbarika yaliyobadilishwa kikemia. Kiyeyusho hicho huweza kuzusha mzio mkali: mwasho, kubanwa kifua, shinikizo la damu kushuka. Aidha, huchomoa vilainishi katika plastiki ya PVC. Ndiyo maana dripu yake huhitaji mirija isiyo ya PVC.

Wanakemia walitafuta njia nyingine. Waliunganisha polima mbili katika mnyororo mmoja: polietileni glikoli, inayopenda maji, na polilaktidi, inayoyakimbia. Minyororo hiyo ikitiwa majini hujipanga yenyewe. Sehemu zinazoyakimbia maji hujikusanya ndani, zinazoyapenda hubaki nje, na hivyo huundwa tufe dogo liitwalo miseli, lenye kipenyo cha makumi machache ya nanomita. Humo ndani paklitakseli hupata maskani. Genexol-PM, dawa iliyoidhinishwa nchini Korea Kusini, hutengenezwa hivyo, bila mafuta ya mbarika.

Polima za namna hii zina tabia nyingine ya ajabu. Poloksama 407, ikiwa takriban asilimia 20 katika maji, hutiririka ikiwa baridi, lakini katika joto la mwili huganda kuwa jeli. Miseli zake hujipanga kwa mpangilio kama wa fuwele, ilhali maji yangali kati yake. Hali hiyo huitwa fuwele kimiminika. Dawa iliyomo hutoka polepole mahali ilipowekwa.

Hata hivyo, miseli haiondoi madhara yote. Ganzi ya vidole na kupungua kwa chembe nyeupe za damu hutokana na paklitakseli yenyewe. Tena, dozi ya aina moja isihamishiwe kwa nyingine, hata kama jina la dawa ni lilelile.

Basi, ndugu mgonjwa, unapotumia dawa ya kiyeyusho cha zamani, usiache kumeza vidonge ulivyoandikiwa, na ukihisi mwasho au kubanwa pumzi, mwambie muuguzi papo hapo. Nawe muuguzi, usiondoke kando yake dakika za mwanzo.