Tofali la Kuchoma: Kutoka Shimo la Udongo Hadi Ukutani

Tofali la kuchoma ni udongo uliokandwa kwa maji, ukafyatuliwa kwenye kalibu, ukakaushwa, kisha ukachomwa hadi ukawa mgumu. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kama vile Iringa, Njombe na Mbeya, nyumba nyingi zimejengwa kwa tofali la aina hii. Ndani yake hamna saruji. Nguvu zake zote zinatokana na udongo wenyewe na moto. Ndiyo maana kosa la hatua moja haliwezi kufichwa na hatua inayofuata.

Udongo unaofaa ni mchanganyiko. Mfinyanzi una chembe ndogo mno, hunata na kufinyangika, lakini ukiwa peke yake husinyaa sana unapokauka, ukapinda na kupasuka. Mchanga hauna mnato, ila hausinyai, nao ndio unaolisaidia tofali kutunza umbo. Kikemia, udongo mzuri huwa na silika asilimia 50 hadi 60, alumina 20 hadi 30, oksidi ya chuma 5 au 6, na chokaa isiyozidi 5. Chuma ndicho kinacholipa tofali wekundu wake. Chokaa iliyosambaa kwa chembe ndogondogo haina madhara, lakini bonge lake ni hatari: likishaungua, kisha likapata unyevu, huvimba na kubandua uso wa tofali. Udongo wa kichuguu hupendwa na mafundi kwa sababu mchwa huteua chembe laini na kuzipandisha juu.

Kuupima udongo hakuhitaji maabara. Udongo kidogo hutiwa katika chupa ya maji, hutikiswa na kuachwa utulie. Mchanga hutangulia kuzama, na chembe za mfinyanzi huja mwisho, hivyo matabaka huonyesha uwiano wake. Mfinyanzi ukizidi, mchanga huongezwa.

Baada ya kuchimbwa, udongo huondolewa mawe na mizizi, humwagiwa maji na kulazwa angalau usiku mmoja ili maji yafike katika kila bonge. Kisha hukandwa kwa miguu hadi tope liwe la namna moja. Kalibu ya mbao au chuma hulowekwa, au hunyunyiziwa mchanga, ili tope lisigande. Tope hutupwa ndani kwa nguvu lijaze pembe zote, juu husawazishwa kwa kijiti, na kalibu huinuliwa wima. Kalibu hufanywa kubwa kuliko tofali linalotakiwa, kwani tofali bichi huweza kupungua urefu kwa asilimia 5 hadi 10 likikauka.

Kukausha kunahitaji subira. Jua kali hukausha ngozi ya tofali wakati kiini bado kimelowa. Nje husinyaa, ndani hakusinyai, na nyufa hutokea. Kwa hiyo matofali mabichi hufunikwa nyasi, hugeuzwa, kisha hupangwa kwa kuachiana nafasi ili upepo upite. Kazi hii hufanywa kiangazi, maana mvua moja hurudisha tofali bichi kuwa tope.

Matofali makavu hupangwa kuwa tanuri lenye midomo ya moto chini, na nje husiribwa kwa tope ili joto lisitoroke. Moto huanza mdogo. Mpaka kiasi cha nyuzi 150 za Selsiasi, maji yaliyobaki hutoka; yakiharakishwa, mvuke hulipasua tofali. Kati ya nyuzi 450 na 600, mfinyanzi hupoteza maji yaliyofungamana na madini yake, na kuanzia hapo hauwezi tena kulainika kuwa tope. Kati ya nyuzi 900 na 1,000, sehemu ya madini huyeyuka na kuzigandisha chembe pamoja kama gundi ya kioo. Joto likizidi mno, tofali zima hulainika na kupinda. Baadaye midomo huzibwa na tanuri huachwa lipoe polepole kwa siku kadhaa. Katika nyuzi 573 chembe za kwatzi hunywea ghafla, na tofali linalopoa haraka hupata nyufa hapo.

Tanuri la namna hii hula kuni nyingi, na misitu huumia. Pumba za mpunga au vumbi la mbao vikichanganywa kwenye tope huungua ndani ya tofali lenyewe na kupunguza kuni. Mwaka 1858, Mjerumani Friedrich Hoffmann alipata hataza ya tanuri la duara lenye vyumba vingi: hewa hupita kwanza kwenye matofali yanayopoa, ikafika motoni ikiwa ya moto, kisha moshi wake hupasha matofali yanayosubiri zamu.

Tanuri likibomolewa, matofali huchambuliwa. Yaliyokuwa ukingoni mara nyingi huwa hayakuiva, yana rangi hafifu na hukwaruzwa kwa ukucha. Tofali lililoiva hulia kama chuma likigongwa na jingine. Kipimo kingine ni kulizamisha majini kwa saa 24: viwango vya India, kwa mfano, havitaki tofali la kawaida linywe maji zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake. Hata tofali bora hulowekwa kabla ya kujengewa, kwani likiwa kavu hunyonya maji ya udongo wa saruji, na saruji hiyo haikomai vizuri.