Kinyume cha Kujiendesha si Kusimama

Swali limerudi, safari hii kutoka kwa karani wa kampuni ya mizigo hapa Ganjoni: "Mwalimu, kinyume cha chombo kinachojiendesha ni kipi? Kilichosimama?" La. Na umwambie na mwenzako wa meza ya pili, maana naye aliniuliza juzi.

Kosa hili huanzia kwenye zile safu mbili za vitabu vya mazoezi: panda, shuka, ingia, toka. Mtoto hukua akiamini kila neno lina kinyume kimoja tu. Hebu teremkeni hapo kivukoni Likoni mtazame. Feri iliyotia gati imesimama, na bado ni chombo cha kujiendesha. Tishari linalovutwa kuingia Kilindini linakwenda, wala halijiendeshi. Mwendo ni jambo moja, nguvu inayouleta ni jambo jingine. Mabaharia walishayatenganisha zamani. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, hukihesabu chombo kuwa safarini maadamu hakikutia nanga, hakikufungwa gatini wala hakikukwama, hata kiwe kimetulia tuli. Na jahazi lililotweka tanga huku injini inanguruma huhesabiwa chombo cha injini. Mchana hutakiwa litundike mbele umbo la pia, ncha chini, ili wengine wasidanganywe na tanga.

Wajanja hukimbilia -si-: "kisichojiendesha". Huo ndio mwarubaini wao, wa kutibu kila kitu. Sarufi haina kosa, lakini hata Nguzo ya Mbaraki haijiendeshi! Mwenye kusoma fomu ya bima anataka kujua chombo kinakwendaje na nani anakivuta. Ukimwambia kisichofanyika, umemwacha pale pale.

Halafu kuna wanaoandika "linalovutwa" wakadhani wamemaliza. Matatu iliyozimika Moi Avenue inavutwa, lakini si gari la kuvutwa; ikitengenezwa itaondoka yenyewe. Trela ni la kuvutwa hata likilala yadini mwaka mzima. La kwanza ni hali ya leo, la pili ni umbile. Anayechanganya haya mawili kwenye hati za mizigo hutafuta ugomvi na wakili.

Basi, upesi upesi. Tishari na trela: la kuvutwa. Mkokoteni: wa kukokotwa, au wa kusukumwa, kwa jinsi hamali anavyoushika. Mtumbwi: wa makasia, au wa pondo. Mashua isiyo na injini: ya tanga. Meli iliyozimika njiani: andika injini imezimika, usisumbuke kutafuta sifa. Gari: hapa angalia, maana siku hizi "la kujiendesha" husomwa kuwa halina dereva, na kinyume chake ni lenye dereva; ukikusudia injini, itaje injini. Shirika linalojiendesha kwa mapato yake, kinyume chake ni tegemezi, na hilo halina kamba wala nanga, kwa hivyo msiniletee pamoja na matishari.