Filamu za kupanda milima: je, zinasema kweli?



Vijana wa makanisa yetu wanapenda filamu za watu wanaopanda milima mirefu yenye theluji. Tumekaa nao, tumetazama baadhi yake, na mwishoni swali huwa lile lile: je, mambo haya ni ya kweli? Swali hili linastahili jibu, maana filamu inafundisha hata pale inapodai kwamba inachekesha au inaburudisha tu.

Tuanze na Vertical Limit ya mwaka 2000. Habari yake iko kwenye mlima K2, wenye mita 8,611, ambao ni wa pili kwa urefu duniani. Waokoaji wanapanda wakibeba baruti ya majimaji mgongoni, na shujaa anakimbia, anaruka juu ya shimo kubwa na kujishika ng'ambo kwa mashoka mawili. Hapo jibu ni hapana. Ukipita mita 8,000, kila pumzi inakupa kama theluthi tu ya oksijeni unayoipata pwani ya bahari. Mtu anapiga hatua moja, anasimama, anahema mara kadhaa, ndipo anapiga nyingine. Hakimbii wala haruki. Hata uso wake hauonekani, kwa kuwa umefunikwa na miwani, kofia na kifaa cha kupumulia. Filamu nyingi huufunua ili tumtambue mwigizaji.

Filamu Everest ya mwaka 2015 iko karibu zaidi na ukweli. Inasimulia dhoruba ya Mei 1996, ambamo watu wanane walikufa kwenye mlima huo. Kiongozi mmoja, Rob Hall wa New Zealand, alikuwa na kanuni: ikifika saa nane mchana, hata kama kilele kiko karibu, watu wageuke. Lakini mteja wake Doug Hansen, ambaye mwaka uliotangulia alirudishwa akiwa karibu kufika, alifika kileleni kama saa kumi alasiri, na Hall alimngojea. Wote wawili hawakurudi. Filamu haikulificha jambo hilo, nasi tunaisifu kwa hilo.

Lakini tazameni kile ambacho kamera inapita haraka. Siku ile ile, wateja watatu wa Hall, yaani Stuart Hutchison, John Taske na Lou Kasischke, waliona kwamba foleni ni ndefu na saa zinakwisha. Waligeuka kabla ya adhuhuri. Walikuwa wamelipa pesa nyingi na wamejitayarisha muda mrefu, hata hivyo waligeuka, na wote watatu wakarudi nyumbani kwao wazima. Hakuna filamu kubwa iliyotengenezwa juu yao. Wahenga walisema: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini wale watatu hawakuwa waoga. Kugeuka mbele ya macho ya wenzako kunataka moyo mkuu.

Jambo la pili linalofichwa ni wapagazi. Kamba, hema na chupa za oksijeni hazipandi zenyewe. Kwenye Everest, wanaozibeba kwa sehemu kubwa ni Washerpa na watu wengine wa Nepal. Tarehe 18 Aprili 2014, barafu iliporomoka na kuua wafanyakazi 16 wa Kinepali waliokuwa kazini. Filamu Sherpa ya Jennifer Peedom, iliyotoka mwaka 2015, iliwageuzia kamera. Kwetu pia wako ndugu waliobeba mizigo ya wageni kupanda Nyiragongo na Ruwenzori, na katika picha za wageni hao majina yao hayaandikwi.

Kwa nini tunayasema haya kanisani? Kwa sababu kijana aliyelishwa kila siku kwamba shujaa ni yule asiyegeuka, ataona haya kushuka kwenye mtumbwi uliojaa kupita kiasi ziwani, au kumwambia dereva wa pikipiki: ndugu, usiku umeingia, tusiende. Tumezika watu ambao wangeweza kugeuka. Na Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba anaketi kwanza kuhesabu gharama. Hakumwita mwoga.

Basi, wazazi na viongozi wa vijana, msiwakataze tu filamu hizi. Tazameni pamoja nao, kisha ulizeni maswali matatu: safari hii kwa kweli ingechukua siku ngapi? Ni nani aliyebeba mzigo? Na ni nani aliyegeuka akarudi kwa watoto wake? Majibu yakikosekana ndani ya filamu, tuyatafute pamoja nao.

Bwana atupe moyo wa kusonga mbele panapofaa, na moyo wa kurudi panapofaa. Amina.